Likizo ya mwisho kabla ya Gredi ya Kwanza: tuisheni, nyumbani au kwa nyanya?

Shule zikifungwa mwishoni mwa Oktoba, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi wa watoto wanaotoka PP2, darasa la mwisho la chekechea. Baadhi ni majirani zangu wa Manyatta, wengine tulikutana tu sokoni Kibuye wakachukua nambari. Swali lao ni lile lile: "Mwalimu, hii miezi miwili mtoto nimpeleke tuisheni, nikae naye nyumbani, au aende kwa nyanya yake mpaka Januari?"

Nafundisha Gredi ya Kwanza katika shule ya umma hapa Kisumu, na mimi pia ni mama. Kifungua mimba wangu alipitia tuisheni. Mdogo wake aliigawa likizo kati ya meza yetu ya jikoni na boma la nyanya yake huko Yala. Njia zote tatu nimezionja kama mzazi, kisha nikaziona tena kama mwalimu anayempokea mtoto mlangoni. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa watoto wengi, nyumbani ndiko kunakofaa zaidi, kukichanganywa na wiki tatu au nne za kwa nyanya. Tuisheni nayo ina watoto wake, ila ni wachache kuliko tunavyodhani.

Kinachomngoja Januari

Asubuhi moja ya Januari nilipokea watoto 64. Mmoja wao aliletwa na baba yake, ambaye aliniambia kwa fahari, "Huyu hatakusumbua, Mwalimu. Anahesabu mpaka mia na jina lake anaandika." Ilikuwa kweli. Mtoto alihesabu, akaandika jina. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzake wakatoka mbio. Yeye alibaki kwenye dawati amekumbatia kibakuli cha plastiki chenye mfuniko mgumu. Alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa meno, mfuniko ukakataa, akakirudisha kibakuli mkobani. Hakuniambia kitu. Kipindi kilichofuata niliona maji yakitiririka chini ya dawati lake. Tangu atoke nyumbani hakuwa amekwenda msalani, kwa sababu choo chetu ni cha shimo na yeye alikuwa hajawahi kusimama juu ya shimo lenye giza. Na hata angetaka kuomba msaada, hakujua aanzie wapi. Siku mbili hakuonekana shuleni.

Mtoto huyo alikuwa amefundishwa sana, tena kwa gharama. Walimsahau tu kwenye mambo ambayo hayaandikwi kitabuni.

Kwa hiyo wiki ya kwanza natazama haya. Je, anaweza kumwambia mtu mzima asiyemzoea kwamba anaumwa, ana kiu au anataka kwenda msalani? Anafunga vifungo vyake na kufungua chakula chake? Vidole vina nguvu ya kushika penseli kwa dakika kumi bila kuchoka? Anasikia kwamba *mama* na *meza* yanaanza kwa sauti moja? Anaweza kutulia na jambo moja kwa muda, maana kipindi chetu ni dakika 30? Anajua jina lake lote, jina la mzazi na mtaa anaotoka? Herufi na tarakimu zimo pia, ila hazitangulii. Kusoma ni kazi yetu sisi kumfundisha, ndiyo maana tumeajiriwa. Tena katika madarasa haya ya chini hatuwapangi watoto wa kwanza hadi wa mwisho: ripoti inasema tu kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake.

Ukiwa na kipimo hicho mkononi, sasa tuziweke njia zenyewe kwenye mizani.

Tuisheni

Uzuri wake upo na nautaja kwanza. Mama anayefungua kibanda Kondele alfajiri na kukifunga usiku anahitaji mahali pa kumwacha mtoto, na tuisheni nyingi za mtaani kusema kweli ni hicho: mahali pa kumwacha mtoto penye ubao. Hilo si jambo dogo. Mtoto huzoea wenzake, huzoea kuketi, huzoea kusikiliza mtu asiyekuwa mama yake. Na kwa mtoto ambaye hakupata PP2 kabisa, labda kwa sababu ya ugonjwa au kuhamahama, miezi miwili na mwalimu mzuri inaweza kumfaa sana.

Shida iko kwenye kinachouzwa. Mwenye tuisheni anataka mzazi akija jioni aone kitabu kimejaa, na kitabu hujazwa kwa kunakili. Mwanangu alikuwa anarudi na kurasa nne za herufi *a* kila siku, nami nikafurahi kama mzazi yeyote. Wiki ya tatu ndipo nilipomtazama akiandika. Alikuwa ameikamata penseli kwa ngumi, kama mtu anayesonga ugali. Vidole vilikuwa vimechoka zamani, na hakuna aliyekuwa ameinama kumwelekeza. Mshiko ule ulituchukua muhula mzima kuuondoa. Jingine aliniambia mwenyewe baada ya likizo, nikiwa namkata kucha: kila akikosea alipigwa rula kwenye ncha za vidole. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mtoto kwa kumtesa au kumdhalilisha, iwe kwa mwili au kwa maneno. Lakini chumba cha nyuma ya duka nani anakikagua?

Halafu kuna suala la majina ya herufi, na hapa naomba mzazi anisikilize vizuri. Tuisheni nyingi hufundisha herufi kwa majina yake ya Kiingereza: ei, bii, sii, dii. Mtoto anaimba yote 26 na wageni wanampigia makofi. Akifika kwangu namwandikia *baba*. Anaanza: "Bii, ei, bii, ei." Namuuliza, hiyo ni neno gani? Ananitazama. Majina ya herufi hayaunganiki yakawa neno. Sauti ndizo zinazoungana. Tena kwa Kiswahili mkanganyiko unazidi, kwa sababu sauti yetu ya *i* inafanana na jina la Kiingereza la herufi *e*, na sauti yetu ya *e* inakaribia jina la *a*. Namwambia aandike *i* ya *ini*, anaandika *e*. Si mjinga. Ameandika kile alichofundishwa. Vitabu vya kusomea vya mradi wa Tusome, vilivyoenea katika shule za umma tangu 2015, vinaanza na sauti za herufi, kwa hiyo mtoto aliyekaririshwa majina tu hulazimika kujifunza upya.

Na sheria? Sheria hiyo hiyo ya 2013 inakataza masomo ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Najua tuisheni zimejaa mitaani, kuanzia Nyalenda hadi Kaptembwo kule Nakuru. Nakutajia ili ujue sheria inavyosema.

Wazazi wengi hukimbilia tuisheni kwa kuogopa intavyuu. Ikiwa mtoto anaenda shule ya umma, hofu hiyo iweke chini: sheria hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani ndipo imkubali, isipokuwa wa kujua atawekwa wapi. Shule za binafsi nyingi hutoa intavyuu, na kama ndiko unakompeleka, nenda uulize wanapima nini hasa. Mara nyingi utakuta ni jina, rangi, kuhesabu vitu hadi 20 na sauti chache. Mambo hayo yanafundishika nyumbani kwa wiki mbili.

Ukiamua tuisheni hata hivyo, nenda siku moja bila kusema unakuja. Hesabu watoto. Sikiliza kama wanatamka sauti au wanaimba majina. Tazama kama wanatoka nje kucheza kabla ya saa sita. Ukikuta watoto wa PP2 wamechanganywa na wa Gredi ya 4 kwenye benchi moja, wote wakinakili kutoka ubao mmoja, mrudishe mwanao nyumbani.

Nyumbani

Wazazi huidharau njia hii kwa kuwa haina risiti. "Sasa mimi nitamfundisha nini, na mimi si mwalimu?" Mama yangu, nawe baba, mnafundisha kila siku bila kujua. Kinachohitajika ni kuacha kumfukuza mtoto jikoni.

Chukua minji. Mpe bakuli na maganda yake, aambue. Kila ganda linafunguliwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, vidole vile vile viwili vinavyobana penseli, huku cha kati kikisaidia kwa chini. Akimaliza nusu kilo, mkono umefanya kazi kuliko kurasa kumi za *a*. Kisha hesabu: ganda hili lina ngapi? Hili je? Lipi lina nyingi? Kwa ngapi? Hapo umeshafundisha kuhesabu, kulinganisha na kutoa, na chakula kimeandaliwa. Disemba ni mwezi wa chapati, basi mpe donge lake la unga alikande na kulisukuma. Itatoka ramani ya ajabu, ipikeni hivyo hivyo. Mpe vibanio vya nguo aanikie soksi zake. Mpe kitambaa kilicholowa akikamue. Kazi hizi zote zinajenga kiganja.

Sauti nazo zina mahali pake, na hazihitaji kitabu. Mkiwa kwenye matatu mwambie, "Naona kitu kinachoanza na *k*," na utamke *k* fupi, si *kei*. Atataja kofia, kiatu, kuku. Siku nyingine mnapiga makofi kwa silabi: *nde-ge*, mara mbili, *ma-che-nza*, mara tatu. Kiswahili kimetubariki hapa. Irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kwa hiyo mtoto aliyeshika *a, e, i, o, u* na konsonanti nne tano tayari anaweza kusoma maneno mazima: *mama, meza, mimi, maji, jembe*. Huu ndio mlango rahisi wa kuingilia kusoma. Kiingereza kitakuja, nacho kitakuta mtoto ameshaelewa kwamba herufi zina sauti.

Kama nyumbani mnasema Kidholuo au Kiluhya, endeleeni. Nimesikia wazazi wakimkataza mtoto lugha ya nyanya yake eti itamharibia Kiingereza. Sera yenyewe ya elimu inataka darasa la chini lifundishwe kwa lugha ya eneo, na mtoto anayeweza kusimulia kwa Kidholuo jinsi mbuzi alivyoingia shambani, kwanza, kisha, halafu, tayari ana ufahamu ninaoutafuta. Kuna sauti atakazojifunza polepole. Watoto wetu wa Kidholuo wengi husema *sule* kwa *shule*, kwa kuwa *sh* haimo katika lugha yao, na wa Kiluhya wengine husema *kari* kwa *gari*. Usimcheke. Itamke wewe vizuri ukimjibu, basi. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza ndiye yule wa kibakuli.

Udhaifu wa njia hii tuuseme wazi. Ni kazi, na jioni umechoka. Simu na televisheni ziko pale pale, na mtoto anayeshinda na katuni kutwa hafundishwi na mtu. Tena katika nyumba nyingi anayeshinda naye ni dada wa kazi. Sasa, huyo dada ndiye mwalimu wenu wa Novemba na Disemba, na anastahili kuheshimiwa kama mwalimu. Kaa naye Jumapili, mwonyeshe mambo mawili matatu ya wiki ile, mweleze kwa nini mtoto avae viatu mwenyewe hata akichelewa. Wengi wana mkono mzuri na watoto kutuzidi, ila hakuna aliyewaambia kwamba ni kazi yenye maana.

Dakika 20 kwa siku za kukaa mezani zinatosha. Zilizobaki ni maisha. Vitabu vya picha kama huna, kuna maktaba ya umma hapa Kisumu, na Nakuru na Kakamega pia. Nenda naye Jumamosi, achague mwenyewe, msomee hata kama anataka kile kile mara tano. Mtoto anayeomba hadithi irudiwe anajifunza kubashiri neno linalofuata, na hiyo ni nusu ya kusoma.

Kwa nyanya

Watu wa mjini huiona njia hii kama kupoteza muda. Mimi nawapokea watoto hawa Januari, na nasema hapana.

Binti yangu aliporudi kutoka Yala alikuwa na makovu mawili gotini na mdomo usiofungika. Kule alikuwa na binamu saba. Katika kundi la binamu saba, usiposema unachotaka hukipati, na usipojua zamu yako ya kamba unatolewa mchezoni. Alijifunza kuruka kamba, michezo ya kati na brikicho, na kushona mpira wa matambara, maana mifuko ya plastiki tuliyotengenezea mipira sisi ilipigwa marufuku 2017. Alijifunza choo cha shimo mchana na usiku. Nyanya yake alimtuma kwa jirani: "Nenda umwambie mama anipe ungo, umwambie nitaurudisha kesho, umshukuru." Ujumbe wa sehemu tatu, kwa mtu mzima, mbali na nyumbani, bila mama nyuma yake. Ningeweza kubuni somo bora kuliko hilo la kumwandaa mtoto kwa darasa langu? Mwalimu naye huagiza vivyo hivyo: toa kitabu, fungua ukurasa wa tano, chora ulichokiona.

Na jioni kulikuwa na ajua. Wazee wa kwetu Nyanza wanaujua mchezo huu wa mashimo na mbegu. Mtoto anayezoea kugawa mbegu shimo kwa shimo anafika kwangu akitambua kundi la vitu vinne bila kuhesabu kimoja kimoja. Baada ya ajua, vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto wa miaka mitano akifikiri mpaka apate yai, amefikiri.

Lakini nyanya si mashine, na hapa wazazi tunakosea sana. Nyanya mmoja wa miaka 70 kuletewa wajukuu wanane kutoka Kisumu, Nakuru na Nairobi, bila unga na bila sukari, ni dhuluma. Mtoto wa pale hataangaliwa, ataangaliana na wenzake. Mto Yala uko karibu, visima viko wazi. Na eneo letu hili la Ziwa ndilo lenye malaria nyingi kuliko kwingine nchini, kwa hiyo mtoto aende na chandarua chake, na nyanya ajue kituo cha afya kilipo na awe na pesa ya bodaboda. Joto likipanda asisubiri asubuhi.

Jingine ni usingizi. Kule watoto hulala wakichoka na huamka wakitaka. Akirudi Jumamosi na shule ifunguliwe Jumatatu, nitampokea mtoto anayesinzia kufikia saa tatu asubuhi kwa wiki nzima. Arudi angalau siku kumi kabla.

Zikiwekwa pamoja

Pesa: tuseme tuisheni ni shilingi 100 kwa siku. Siku tano kwa wiki, kwa wiki sita, umefika 3,000, bado chakula na vitabu. Nyumbani utanunua penseli nene mbili, kichongeo na kitabu cha mistari mipana. Kwa nyanya kuna nauli ya kwenda na kurudi na, tafadhali, mfuko wa unga na mafuta. Kwa nyumba nyingi ninazozijua, ile 3,000 ingenunua sare na viatu.

Mikono: nyumbani na kwa nyanya zinaishinda tuisheni kwa mbali. Kusema shida na kujitegemea: kwa nyanya ndiyo ya kwanza, nyumbani ya pili ikiwa mzazi hamfanyii mtoto kila kitu. Sauti na vitabu: nyumbani, ikiwa kuna mtu mmoja tu wa kusoma naye, la sivyo tuisheni yenye mwalimu anayejua kazi yake. Kuzoea kuketi na ratiba: hapa tuisheni inaongoza, nakiri, na kwa nyanya ndiyo ya mwisho. Usalama unategemea mtu aliyepo, si jina la mahali.

Sasa mtazame mtoto wako. Kama ni mpole sana na hana ndugu wa karibu kwa umri, binamu watamfaa kuliko kitabu chochote. Kama ni mchangamfu lakini penseli inamshinda, kaa naye nyumbani na minji. Kama hakwenda PP2, au wewe na dada wa kazi wote hamjui kusoma, tafuta tuisheni ndogo ya asubuhi tu, mchana acheze. Na kama haitikii akiitwa kutoka nyuma, au anasogeza picha hadi puani, usianze na njia yoyote kati ya hizi. Mpeleke hospitalini apimwe masikio na macho kwanza. Nimekuwa na watoto walioitwa wazembe mwaka mzima, kumbe hawakusikia.

Je, arudie PP2?

Wengine huniuliza hili kwa sauti ya chini. Sheria ya 2013 inasema mtoto asirudishwe darasa, na mimi naiunga mkono. Umri wa kawaida wa Gredi ya Kwanza ni miaka 6. Mtoto aliyefika 6 aje, hata kama hajui *b* na *d* zinatofautianaje. Wengi huzichanganya mpaka Gredi ya 2 na hutengemaa. Ninaowahurumia ni wale wa miaka 5 wanaosukumwa mbele kwa kuwa wanasoma ubao wa matangazo. Akili iko, lakini kibofu, vidole na machozi bado ni vya miaka 5. Huyo mwache amalize miaka yake miwili ya PP1 na PP2.

Sisi wa zamani tulipimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikishwa, usipogusa unarudi nyumbani. Mimi sikugusa mara ya kwanza. Nililia njia nzima, na mwaka uliofuata niliingia nikiwa na nguvu ya kubeba mkoba wangu. Siku hizi tunatazama cheti cha kuzaliwa. Kama bado hujakichukua, kitafute Novemba hii, usingoje foleni za Januari.

Wiki ya mwisho

Njia yoyote utakayochagua, wiki ya mwisho kabla ya kufungua ifanyeni nyumbani. Watoto wa umri huu wanahitaji kati ya saa 9 na 12 za usingizi. Kama ataamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kungoja gari la shule, basi saa mbili usiku awe kitandani, na mwili huchukua siku kadhaa kulizoea hilo. Tembeeni naye hadi getini, kwa miguu yake, mara mbili. Mwonyeshe choo kama mlinzi ataruhusu. Avae sare nzima siku moja, avue, avae tena; kama vifungo vinamshinda, toboa matundu yawe makubwa kidogo.

Halafu mkae mezani na kibakuli chake, kile kile atakachobeba. Kifunge kama utakavyokifunga asubuhi ya shule, umpe, nawe usiguse. Akishindwa, mfundishe kuinua mkono na kusema, "Mwalimu, naomba unisaidie kufungua." Aseme mara tatu kwa sauti ya kusikika. Mimi nitakuwa pale, nikisikiliza.